Kutoka Lukole hadi Mogadishu: Damu hii nani atailipia diya?



Ndugu msomaji, aya ya 9 ya Suratul Hujurat tunaisikia sana pale viongozi wa msikiti wanapogombea funguo za ofisi na daftari la michango. Mashehe huitwa, aya ikasomwa, watu wakapeana mikono, na mwezi unaofuata ugomvi ukaanza upya. Wapo watakaonikumbusha kwamba hata sababu ya kuteremka kwake, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, ilikuwa watu kupigana kwa makuti, mikono na viatu. Ni kweli. Lakini wanazuoni wetu hawakuiacha hapo. Waliichukua hukumu yake wakaipeleka kwenye majeshi, kwa sababu aya yenyewe inazungumzia makundi mawili yanayopigana, na inampa mtu wa tatu kazi nzito kweli kweli: aanze kwa kusuluhisha; kundi moja likikataa na kuendelea kudhulumu, lipigwe hilo linalodhulumu mpaka lirejee kwenye amri ya Mwenyezi Mungu; likisharejea, vita ikome na usuluhishi ufanywe kwa uadilifu. Kwa lugha ya magazeti, kazi hiyo inaitwa kulinda amani.

Leo nataka tuitazame kazi hiyo kwa mfano wa jirani yetu mdogo, Burundi. Nchi hii ambayo mkoa wetu wa Tabora pekee unaizidi kwa ukubwa wa ardhi, ilipelekewa walinda amani, kisha nayo ikapeleka wa kwake Somalia kwa miaka kumi na saba, na katikati ya safari hiyo ikawakatalia walinda amani wasiingie kwake. Sioni nchi nyingine iliyokalia viti vyote vitatu ndani ya muda mfupi namna ile. Na sisi Watanzania tulikuwa dirishani tukiangalia, hasa wale waliokuwa Ngara na Biharamulo.

Vita ya Burundi ilianza Oktoba 21, 1993, pale wanajeshi walipomuua Rais Melchior Ndadaye, aliyekuwa amekaa madarakani miezi mitatu tu baada ya kuchaguliwa na wananchi. Jeshi ndilo lililomuua Rais. Neno hili tuliweke akilini, kwa sababu jeshi hilo hilo tutakutana nalo tena Mogadishu. Watu wapatao laki tatu wanakadiriwa kufa katika vita iliyofuata, na malaki wengine wakavuka mpaka kuja kwetu. Mwaka uliofuata Wanyarwanda nao walimiminika katika daraja la Rusumo, kiasi robo milioni ndani ya takriban siku moja ya mwishoni mwa Aprili 1994, hata dunia nzima ikalijua jina la Ngara. Wanyarwanda wale walirudishwa Desemba 1996, na namna walivyorudishwa ni jambo ambalo sisi nasi tuna la kujibu. Waliobaki ni Warundi, na kambi yao kubwa huko Ngara ikawa Lukole.

Mwaka 2001 nilikuwa Ngara kwa kazi ya ualimu na nilifika Lukole mara kadhaa. Mkazi wa Dar es Salaam au Mwanza ambaye hajaona kambi asidhani ni mahema machache chini ya miti. Ulikuwa mji. Zaidi ya watu laki moja, vibanda vya udongo vimepangwa mistari kwa mistari, juu vimeezekwa shitingi zenye maandishi ya UNHCR, kati yake vijia vya vumbi jekundu ambalo halitoki kwenye kanzu hata uifue mara ngapi. Kulikuwa na soko, vinyozi, mafundi baiskeli, shule, zahanati na vilabu vya pombe. Siku ya mgao utaona watu wanarudi na mahindi, maharage, chumvi na mafuta kidogo, na nusu ya mgao ule ule unaukuta sokoni jioni, kwa sababu binadamu hawezi kuishi kwa mahindi peke yake na sabuni haimo kwenye mgao. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini. Kilimo cha vibarua kwa wenyeji Wahangaza kilikuwa kikifanyika kwa kuibia, na wenyeji, ambao lugha yao na ya wageni ni kama mtu na mdogo wake, waliwafaidi kwa ujira mdogo na huku wakiwalalamikia kwa kumaliza kuni.

Lakini kilichokuwa kikiitawala kambi ile hakikuwa njaa. Ilikuwa ni hofu. Vyama vilivyokuwa vikipigana porini, Palipehutu na CNDD, vilikuwa na watu wao humo humo kambini, wakigombea vijana na kuoneana shaka. Mtu alipima maneno hata mbele ya jirani. Mzee mmoja wa Muyinga, aliyekuwa akiwasalisha Waislamu wachache katika msikiti wa fito na shitingi, alinieleza kwa Kiswahili chake cha kule, "Mwalimu, mimi bado sijaona mtu wa magwanda aliyekuja kwangu kwa heri. Bunduki zote nilizoziona zina upande." Nikamwuliza, je, ikija bunduki isiyo na upande? Akacheka. Akasema kama ipo ije, maana wao wamechoka kungoja.

Hebu tulitafakari neno la mzee huyu, kwa sababu ndilo msingi wa suala zima. Mlinda amani anatofautiana na askari mwingine kwa jambo moja tu, kwamba bunduki yake haina upande isipokuwa upande wa aliyedhulumiwa. Likiondoka hilo, anabaki kuwa askari wa kawaida aliye mbali na kwao.

Na Uislamu haukulijua jambo hili baada ya Umoja wa Mataifa. Kabla ya Utume, Makka ilifanyika Hilful Fudhul. Mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid, Yemen, alimuuzia bidhaa Al-As bin Wail, mkubwa wa Kikureshi, naye akamnyima malipo yake. Yule mgeni hakuwa na kabila pale Makka la kumtetea, akapanda mlima Abu Qubais akapaza sauti. Wakakutana baadhi ya wakubwa wa koo nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kwamba wataungana kumsaidia kila aliyedhulumiwa ndani ya Makka, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Mtume (s.a.w.) alihudhuria kiapo hicho akiwa kijana, na baada ya kupewa Utume alieleza kwamba hata katika Uislamu akiitwa kwenye mapatano kama yale angeitika. Tuzingatie kwamba walioapa walikuwa washirikina. Hakusema kwa kuwa ni kiapo cha makafiri hakina maana. Aliangalia kilichoapiwa.

Nalileta hili kwa sababu kuna ndugu zetu ambao kila likitajwa jina la Umoja wa Mataifa huona mazungumzo yamekwisha. Mashaka yao yana sababu. Tumeona Srebrenica mwaka 1995, ambapo maelfu ya wanaume na vijana wa Kiislamu waliuawa katika eneo lililotangazwa na Umoja huo kuwa salama, na askari wake wapo pale pale. Lakini mzee wa Muyinga hakuwa na nafasi ya kuchagua jina la atakayekuja.

Wakaja. Mazungumzo ya Arusha, aliyoyasimamia Mwalimu Nyerere hadi kufa kwake Oktoba 1999 na baada yake Nelson Mandela, yalizaa mkataba wa Agosti 28, 2000. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika, uliokuwa umeanzishwa mwaka mmoja tu nyuma, ukapeleka Burundi kikosi chake cha kwanza kabisa cha kulinda amani: askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Juni 2004 kazi ikachukuliwa na Umoja wa Mataifa kwa ujumbe wa ONUB, ulioidhinishiwa askari 5,650, wakiwemo Waislamu kutoka Pakistani. Waasi wakaingizwa jeshini, na mkataba ukaweka sharti kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi. Uchaguzi ukafanyika mwaka 2005. ONUB ikafunga kazi mwishoni mwa 2006. Lukole ikaanza kupungua, na kufikia mwaka 2008 ilikuwa imefungwa. Wapo waliorudi kwa furaha. Wapo pia waliorudi kwa sababu waliambiwa kambi inafungwa tu, na sidhani kwamba hawa tuliwatendea kwa mujibu wa aya ya 6 ya Suratut Tawba, inayotuamrisha kwamba hata mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Kumfikisha mtu mahali pa amani ni zaidi ya kumpandisha lori.

Sasa tuje Mogadishu.

Desemba 2007, mwaka mmoja tu baada ya ONUB kuondoka, askari wa kwanza wa Burundi walitua Somalia kuungana na Waganda katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Kwa miaka iliyofuata idadi yao ilipanda hadi kupita elfu tano. Katika mahandaki ya Mogadishu walikaa pamoja askari wa lile jeshi la zamani lililomuua Ndadaye na waliokuwa waasi wakilipiga jeshi hilo. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1992 akavushwa mpaka mgongoni mwa mama yake, kufikia 2011 alikuwa na umri wa kuvaa magwanda na kupanda ndege.

Najua baadhi ya wasomaji wananingoja hapa. Watasema AMISOM haikwenda kusuluhisha, ilikwenda kukalia kiti kilichotayarishwa na uvamizi. Na wana hoja. Katikati ya mwaka 2006 Muungano wa Mahakama za Kiislamu uliwaondoa Mogadishu wababe wa vita waliokuwa wamewanyonya wananchi kwa miaka kumi na tano; vizuizi vya barabarani vikaondolewa, uwanja wa ndege na bandari vikafunguliwa. Desemba mwaka huo majeshi ya Ethiopia yakaingia, Marekani ikiwa nyuma yake, na Mahakama zikaangushwa. AMISOM iliidhinishwa Januari 2007, vumbi la vifaru halijatua. Aya inaanza na usuluhishi. Hapa walianza na vifaru, kisha wakatafuta wa kulinda matokeo yake. Mwenye kusema bunduki ile ilikuwa na upande tangu siku ya kwanza hakusema uongo.

Lakini haki inatutaka tuisome habari mpaka mwisho. Mwaka 2008 yalifanyika mapatano ya Djibouti. Januari 2009 Waethiopia wakatoka Mogadishu, na Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, yule yule aliyekuwa mwenyekiti wa Mahakama za Kiislamu, akachaguliwa kuwa Rais. Waliokuwa wakisema wanapigana ili Waethiopia watoke, wametoka. Waliokuwa wakidai watu wa Mahakama, amepatikana. Al-Shabaab wakaendelea kupigana na Sheikh Sharif. Februari 22, 2009 wakajilipua katika kambi ya Warundi, askari 11 wakafa. Septemba 17 mwaka huo wakaingia kwa hila katika makao makuu ya AMISOM, wakaua watu 17, miongoni mwao naibu kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Juvenal Niyoyunguruza wa Burundi. Mtu anaweza kusema hao ni askari, vita ni vita. Basi Desemba 3, 2009, katika hoteli ya Shamo, ilikuwaje? Pale vijana wa Kisomali walikuwa wakihitimu udaktari, Waislamu watoto wa Waislamu, katika nchi ambayo daktari ni adimu kuliko risasi. Na Oktoba 14, 2017, lori la mabomu Mogadishu lililoua watu zaidi ya mia tano? Aya ya Hujurat inapotaja kundi linalokataa suluhu na kuendelea kudhulumu, sioni namna ya kuisoma ambayo itawaacha hawa nje. Na nasema wazi, kwa sababu vijana wetu wa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam wamekuwa wakiitwa kwenda huko kwa jina la jihadi.

Oktoba 20, 2011, huko Deynile, pembezoni mwa Mogadishu, Warundi walipigwa vibaya. Al-Shabaab waliitandaza miili zaidi ya 60 mbele ya watu na kamera. Umoja wa Afrika ukasema waliokufa ni 10. Mtume (s.a.w.) lilipita jeneza la Myahudi akasimama, na alipoambiwa ni la Myahudi akauliza kama hiyo nayo si nafsi. Ndiye Mtume ambaye wale waliotandaza maiti wanadai kumfuata. Lakini na hao waliosema 10, je? Mke aliyekuwa Gitega au Ngozi, ambaye mumewe alinyamaza simu tangu siku ile, alijua yuko katika hesabu ipi? Juni 26, 2015 kambi ya Warundi huko Leego ilivamiwa, makumi wakafa. Mei 3, 2022, huko El Baraf, Serikali ya Burundi ilisema wamekufa 10, huku habari nyingine zikitaja wengi zaidi. Katika miaka yote hiyo hesabu kamili ya askari wa AMISOM waliouawa haikuwekwa wazi. Nchi inayotuma mtoto wa watu kufa ugenini, kisha ikaficha kwamba amekufa, imekula amana mara mbili.

Sababu ya kuficha si ngumu kuitambua. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoa dola 1,028 kwa kila askari kwa mwezi, fedha zikipitia serikalini, na Serikali ikikata sehemu yake. Kwa nchi iliyo miongoni mwa maskini kabisa duniani hizo ni fedha za kigeni zisizopatikana kwa kahawa. Askari aliporudi alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, akanunua pikipiki, akafungua duka. Simlaumu askari. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu anayepigana kwa ajili ya ngawira, na anayepigana ili atajwe, akajibu kwamba aliye katika njia ya Allah ni yule anayepigana ili neno la Allah liwe juu, lakini hakumharamishia askari kula. Tatizo linaanza pale posho inapokuwa ndiyo sababu ya nchi kubaki vitani. Mwaka 2016 Ulaya ilipunguza fedha hizo kwa asilimia 20, kisha ikakataa kuzipitisha kwa Serikali ya Burundi. Miezi ikapita askari hawajalipwa, na Bujumbura ikatishia kuwarudisha wote nyumbani. Hatukusikia ikitishia hivyo kwa sababu ya mauti ya Deynile wala Leego.

Tena tusimame kidogo kwenye damu ya Msomali wa kawaida, kwa sababu yeye husahaulika na pande zote mbili. Makombora yaliyorushwa katika soko la Bakara miaka ile ya mwanzo hayakuwa yakiuliza nani ni Al-Shabaab na nani ni muuza vitunguu. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kuhusu askari wa Uganda na Burundi waliowadhalilisha wanawake wa Kisomali waliokwenda kwenye kambi zao kutafuta dawa na maji. Mwanamke mkimbizi aliyekwenda kuomba dawa! Mwanajeshi wa Burundi, ambaye mama yake huenda alisimama kwenye foleni kama hiyo Ngara au Kibondo, alipaswa kuwa mtu wa mwisho duniani kufanya hivyo.

Sira imetuwekea kipimo. Baada ya kufunguliwa Makka, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin Walid kwa Banu Jadhima kuwalingania. Watu wale hawakuweza kulitamka vizuri neno la kusilimu, wakasema neno jingine lenye maana ya kubadili dini, na Khalid akawaua baadhi yao na kuwateka wengine. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliinua mikono yake akajitenga mbele ya Allah na alichokifanya Khalid. Hakusema ni makosa ya vitani. Hakuunda tume ya kuchunguza itakayotoa ripoti kwa siri. Akamtuma Ali bin Abi Talib na mali. Ali akalipa diya ya kila aliyeuawa na thamani ya kila kilichoharibiwa, hata chombo cha kunywea maji mbwa, na fedha zilizobaki akawaachia kwa tahadhari, pengine kuna hasara ambayo hawakuikumbuka. Na huyu Khalid si askari wa mtaani. Ni kamanda wa jeshi la Mtume.

Sasa linganisha. Familia ya askari wa AMISOM aliyeuawa iliwekewa fidia ya dola 50,000, hata kama nyingi zilichelewa. Ni haki yao. Msomali aliyeuawa na askari huyo je? Agosti 2021 huko Golweyn askari wa Uganda waliwaua raia saba. Mahakama ya kijeshi ikaketi Mogadishu, wawili wakahukumiwa kifo na watatu kifungo cha miaka 39. Hiyo ni kesi iliyofika mahakamani baada ya miaka kumi na minne ya AMISOM. Kwa nyingine nyingi, hakuna Ali aliyekuja na mfuko.

Na kiti cha tatu ni mwaka 2015. Rais Pierre Nkurunziza alipoamua kugombea muhula wa tatu nchi ikawaka, watu wakauawa mitaani Bujumbura, na kwa mara nyingine Warundi wakavuka mpaka, safari hii wakijazana Nyarugusu na kambi nyingine za Kigoma. Desemba 17, 2015 Umoja wa Afrika ukaidhinisha askari 5,000 kwenda Burundi kuwalinda raia. Nkurunziza akatangaza kwamba wakikanyaga watapigwa kama wavamizi, na mwezi uliofuata viongozi wenzake wa Afrika wakaukunja mpango ule wakauweka kabatini. Siku hiyo hiyo askari wake maelfu walikuwa Somalia, kwa idhini ya Umoja huo huo, wakiwaambia Wasomali kwamba askari wa kigeni si mvamizi, ni mlinda amani. Suratun Nahl, aya ya 92, inampigia mfano mwanamke anayeusokota uzi wake ukawa imara, kisha yeye mwenyewe akaufumua vipande vipande. Umoja wa Mataifa nao, mwaka 2016, ukaamua kutowabadilisha polisi wa Burundi waliokuwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, yaani wakimaliza muda wasije wengine, kutokana na tuhuma za yaliyokuwa yakifanywa na vyombo vya usalama nyumbani kwao. Somalia, ambako askari walikuwa wengi na hatari zaidi, waliendelea. Kumbe hata maadili yana mahali pa kutumika na mahali pa kufumbiwa macho.

Desemba 31, 2024 ujumbe wa ATMIS, uliokuwa umeirithi AMISOM tangu Aprili 2022, ulimaliza muda wake, na katika ujumbe mpya wa AUSSOM Burundi haikuwemo baada ya kutoelewana na Somalia kuhusu idadi ya askari. Miaka kumi na saba ikaishia kwenye ubishi wa idadi.

Tusijidanganye kwamba haya ni ya Warundi peke yao. Julai 13, 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur, katika ardhi ya Waislamu. Desemba 7, 2017 wengine wasiopungua 14 wakauawa katika kambi yao ya Semuliki, mashariki ya Kongo, na waliotajwa kuwashambulia ni ADF, kundi linalotumia jina la Uislamu kuchinja wanakijiji. Baadhi ya waliokufa walikuwa wakisimama nasi safu moja. Je, ni misikiti mingapi Ijumaa ile iliyowataja katika dua? Huko kwetu khatibu alizungumzia usafi wa udhu.

Mwaka 2013, wakati Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zinapeleka kikosi Kongo kupambana na M23, kijana mmoja wa JWTZ alinisubiri baada ya swala ya Isha. "Ustadhi," akaniambia, "nimepangiwa safari. Nikifia kule nitahesabiwa nani?" Nilimweleza kwamba nia ni yake na hesabu ni ya Allah, kwamba Suratun Nisaa aya ya 75 inawalaumu wasiopigana kwa ajili ya wanyonge, wanaume, wanawake na watoto, wanaolia watolewe katika mji wa madhalimu, na kwamba imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa jicho lililokesha likilinda katika njia ya Allah halitaguswa na moto. Akikesha ili mama wa Kikongo alale na wanawe, namtarajia kheri. Akikesha akihesabu dola, atapata dola.

Hakuondoka. Akauliza lililokuwa likimsumbua hasa: na akiamrishwa kupiga nyumba ambayo anajua ina watoto?

Nikamsimulia sehemu ya kisa cha Banu Jadhima ambayo sikuitaja hapo juu. Khalid aliamrisha kila mtu amuue mateka aliye mikononi mwake. Abdullah bin Umar akaapa kwamba hatamuua mateka wake, wala hakuna katika wenzake atakayemuua wa kwake. Kijana akaniuliza Ibn Umar aliadhibiwa nini kwa kukataa amri. Nikamwambia hakuadhibiwa, jambo lilipofikishwa kwa Mtume (s.a.w.), kitendo alichojitenga nacho ni cha yule aliyetoa amri. Lakini mahakama ya kijeshi ya leo haimo kwenye Sira, ina vifungu vyake kuhusu amri halali na amri isiyo halali, na nikamsihi avitafute avisome kabla ya kupanda ndege.